Tarehe ya Mfalme Elessar na Haki ya Nyumba ya Isildur

Hii ni tarehe ya Aragorn bin Arathorn, aliyetawazwa kwa jina la Elessar, mfalme wa Gondor na Arnor, pamoja na wazee wake mpaka kwa Elros wa kwanza. Nimeiandika kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Tangu filamu za Peter Jackson zilipotoka, kati ya mwaka 2001 na 2003, watu wamemjua mfalme huyu kwa macho kabla ya kumjua kwa kitabu, na wameshika mambo mawili. La kwanza, kwamba alikuwa mtembezi wa nyikani aliyepata kiti kwa ushujaa wa vita tu. La pili, kwamba kiti chenyewe hakukitaka. Yote mawili hayana msingi. J.R.R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alitoa The Lord of the Rings kwa mafungu matatu mwaka 1954 na 1955, na mwishoni mwa fungu la tatu akaweka nyongeza zenye nasaba, miaka na hukumu za mabaraza. Haki ya Aragorn imeandikwa huko, na wasomaji wengi hufunga kitabu kabla ya kufika. Sisi tutaanzia huko.

Asili ya nyumba hii

Asili yao ni Eärendil baharia, bin Tuor, na mama yake ni Idril binti Turgon, mfalme wa Gondolin. Eärendil akamwoa Elwing binti Dior bin Beren. Mama wa Dior ni Lúthien, binti wa mfalme Thingol wa Waelfi, na mama wa Lúthien ni Melian, ambaye hakuwa Mwelfi wala binadamu, bali Maia, mmoja wa roho zilizokuwapo kabla ya dunia. Kwa hiyo damu tatu zilikutana katika nyumba moja, jambo lisilopatikana kwa mfalme mwingine yeyote wa nchi zile.

Eärendil na Elwing walizaa wana wawili, Elrond na Elros, wakapewa hiari: kuhesabiwa na Waelfi wasiozeeka au na binadamu wanaokufa. Elrond akachagua Waelfi. Elros akachagua binadamu, akaongezewa umri, akawa mfalme wa kwanza wa kisiwa cha Númenor kwa jina la Tar-Minyatur. Alitawala miaka 410, akafa mwaka 442 wa Enzi ya Pili akiwa na miaka 500.

Mfalme wa nne, ukimhesabu na yeye, ni Tar-Elendil. Mtoto wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Silmariën. Desturi ya siku zile haikumpa mwanamke fimbo ya enzi, basi ikaenda kwa mdogo wake Meneldur. Meneldur akamzaa Aldarion, na Aldarion hakujaliwa mtoto ila binti mmoja, Ancalimë. Hapo Aldarion akabadili sheria: mtoto wa kwanza wa mfalme atarithi, akiwa mwanamume au mwanamke. Ancalimë akapokea enzi mwaka 1075, na baada yake wakaja malkia wengine wawili waliotawala kwa haki yao wenyewe, Telperiën na Vanimeldë. Msomaji aishike sana sheria hii, maana ugomvi wote unaokuja umesimama juu yake.

Silmariën, aliyekosa kiti, hakukosa heshima. Baba yake alimpa pete ya Barahir, pete ya kale kuliko ufalme wenyewe, ambayo Finrod mfalme wa Waelfi alimpa Barahir, baba wa Beren, kwa kumwokoa vitani. Wazao wa Silmariën wakawa mabwana wa Andúnië, magharibi ya kisiwa, wakaitunza pete ile mwana kwa mwana. Wa mwisho wao alikuwa Amandil, naye ndiye baba wa Elendil. Kwa hiyo hata Elendil Mrefu, ambaye Kaskazini na Kusini wote wanamwita baba, alipata damu ya Elros kupitia kwa mwanamke.

Wafalme waliobaki wa Númenor sitawataja mmoja mmoja. Wa mwisho, Ar-Pharazôn, ni wa 25 katika hesabu. Alimchukua Sauron, adui mkuu wa watu wake, mateka mwaka 3262, akamleta kisiwani, na mateka akamgeuza bwana wake. Mwaka 3319 Ar-Pharazôn akapeleka merikebu kupigana na nchi ya wasiokufa, na kisiwa kikazama na wote waliokuwamo.

Ajabu ya tunda

Hapa nasimama kidogo kueleza ajabu moja ya Isildur bin Elendil, kwa kuwa watu wamezoea kumtaja kwa kosa lake tu. Uani kwa mfalme kulikuwa na mti mweupe uitwao Nimloth, na Sauron akataka ukatwe. Amandil akawasimulia mwanawe Elendil na wajukuu wake habari za miti ile ya kale. Isildur hakusema neno. Usiku akatoka peke yake, amejibadilisha sura, akapita walinzi, akachuma tunda moja. Walinzi wakaamka wakamkatakata, naye akapigana mpaka akatoka, akafika kwa babu yake, akampa tunda mkononi, kisha akaanguka. Tunda likapandwa kwa siri. Isildur akalala akiwa baina ya uhai na kifo mpaka mche ulipofungua jani lake la kwanza, na siku hiyo akainuka mzima. Mti huo wa Númenor ulikatwa na kuchomwa, lakini mche ukabaki. Kila mti mweupe uliosimama Gondor baadaye umetoka katika tunda lile, na tunda lile lililipwa kwa damu ya Isildur, si ya Anárion. Watu wa Kusini wanapojisifu kwa mti wao, wakumbuke nani aliuokoa.

Turudi katika habari yetu. Kisiwa kilipozama, Elendil na wanawe wawili waliokoka kwa merikebu tisa: nne za Elendil, tatu za Isildur, mbili za Anárion. Walibeba mche, pete ya Barahir na mawe saba ya kuonea mbali. Mwaka 3320 wakasimamisha falme mbili, Arnor Kaskazini na Gondor Kusini. Elendil alikuwa mfalme mkuu wa zote mbili na alikaa Annúminas. Wanawe walitawala Kusini kwa pamoja, na viti vyao viliwekwa ubavu kwa ubavu katika ukumbi wa Osgiliath. Viti viwili katika mji mmoja, na kimoja ni cha Isildur: hilo nalo msomaji alishike.

Vita na Sauron vilipokuja, Anárion aliuawa mwaka 3440. Mwaka uliofuata Elendil akaanguka pamoja na Gil-galad, mfalme wa Waelfi, na upanga wake Narsil ukavunjika chini yake. Isildur akaokota kipande chenye mpini, akamkata Sauron kidole chenye Pete ya nguvu zake. Aliichukua Pete asiiharibu, na kosa hilo ni lake, akalilipa yeye na wanawe. Mwaka wa 2 wa Enzi ya Tatu, baada ya kupanda mche katika Minas Anor kwa ukumbusho wa ndugu yake na kumkabidhi Kusini Meneldil bin Anárion, alisafiri kurudi Kaskazini. Maorki wakamvamia penye Mashamba ya Gladden, akafa yeye na wanawe watatu, Elendur, Aratan na Ciryon. Alibaki mdogo wao, Valandil, aliyekuwa Rivendell kwa Elrond. Mtumishi wa Isildur, Ohtar, akafikisha huko vipande vya upanga.

Kutoka Valandil mpaka Eärendur Kaskazini ilikuwa moja. Eärendur alipofariki mwaka 861 wanawe waligombana, nchi ikagawanyika sehemu tatu: Arthedain, Cardolan na Rhudaur. Nyumba ya Isildur ilififia katika sehemu mbili ikabaki Arthedain, kwa Amlaith na wazao wake. Argeleb wa Kwanza alikufa vitani mwaka 1356. Argeleb wa Pili aliwapa Mahobiti, watu wafupi, nchi ya Shire mwaka 1601. Wengine walitawala wakafa, na adui wao wote alikuwa Mfalme Mchawi wa Angmar.

Ama Gondor, wafalme wa nyumba ya Anárion walikuwa na nguvu, bahari na mali. Walipigana wao kwa wao tangu 1432 hadi 1448 kwa ajili ya Castamir mnyang'anyi. Tauni ya mwaka 1636 ilimuua mfalme Telemnar na watoto wake wote. Hayo yanawatosha.

Dai la Arvedui

Sasa nafika mahali nilipotaka kufika. Araphant, mfalme wa Arthedain, alipata mwana, na Malbeth mwaguzi akasema mtoto aitwe Arvedui, yaani mfalme wa mwisho. Akaeleza kwamba uchaguzi utawajia Wadúnedain, yaani watu wa asili ya Númenor. Wakichagua lile linaloonekana kuwa na tumaini dogo, mtoto huyu atabadili jina na kuwa mfalme wa milki kubwa. Wasipolichagua, zitapita taabu nyingi na vizazi vingi kabla watu wao hawajasimama tena wakiwa wamoja.

Mwaka 1940 Kaskazini na Kusini walipatana tena baada ya kuachana muda mrefu, na Arvedui akamwoa Fíriel binti Ondoher, mfalme wa Gondor. Mwaka 1944 Ondoher na wanawe wote wawili, Artamir na Faramir, waliuawa vitani na watu wa magari kutoka Mashariki. Mtoto aliyebaki ni Fíriel. Arvedui akapeleka dai lake la kiti cha Gondor kwa njia mbili: yeye ni mzao wa Isildur katika mstari ulionyooka, na mkewe ndiye mtoto pekee aliye hai wa Ondoher.

Aliyeongoza Baraza la Gondor kulikataa dai hilo ni Pelendur, liwali wa mfalme. Jibu lao lilikuwa kwamba taji la Gondor ni la wazao wa Meneldil bin Anárion, ambaye Isildur alimwachia Kusini, na kwamba urithi kwao huhesabiwa kwa wana wa kiume tu. Arvedui akajibu kwamba Elendil alikuwa na wana wawili, mkubwa wao Isildur, na jina la Elendil bado linasimama juu ya wafalme wa Gondor kama mfalme mkuu wa nchi zote. Isildur alimkabidhi mtoto wa ndugu yake kazi ya kutawala Kusini, hakutoa ufalme wake wala hakuugawa ufalme wa Elendil milele. Na kuhusu mwanamke, sheria ya Númenor ilimpa enzi mtoto wa kwanza bila kutazama kama ni mume au mke. Ni kweli sheria hiyo haikufuatwa katika nchi za ugenini zilizojaa vita, lakini ndiyo sheria ya watu wao, na wana wa Ondoher walikufa bila watoto.

Gondor haikujibu neno hilo, na waliokuja baada yao hawajalijibu mpaka leo. Anayemtetea Pelendur atwambie kwanza kwa nini mwenye hoja alinyamaza. Husemwa kwamba wakati ulikuwa wa vita na nchi ilihitaji jemadari. Hiyo ni hoja ya haja, na haja haifuti haki. Husemwa pia kwamba mwanamke hapitishi ufalme. Waliosoma tarehe ya Pate wanajua Suleiman Nabahani alivyopokea ufalme kwa kumwoa binti wa mfalme aliyemkuta, na hakuna aliyethubutu kusema Wanabahani si wafalme. Na huyo Elendil, ambaye jina lake lilisimama juu ya wafalme wa Gondor, angekuwa nani bila Silmariën?

Taji akapewa Eärnil, jemadari mshindi wa vita vile, aliyekuwa wa ukoo wa kifalme kwa tawi la pembeni. Eärnil mwenyewe alikuwa mtu mwema. Alimwandikia Arvedui kwamba anamtambua kama ndugu na kwamba atampelekea msaada akihitaji. Mwaka 1973 Arvedui alihitaji, akatuma ujumbe. Eärnil akamtuma mwanawe Eärnur na merikebu nyingi, lakini bahari ni mbali. Mwaka 1974, majira ya baridi yakielekea mwisho, Mfalme Mchawi alichukua Fornost, na Arthedain ikaisha.

Kifo cha Arvedui wazee wa Kaskazini walikisimulia hivi. Alikimbilia mwisho wa milima ya magharibi, akajificha katika machimbo yaliyoachwa, njaa ikamtoa, akaenda kwa Walossoth, watu wa theluji wanaoishi pwani ya Forochel. Walikuwa maskini na waliogopa silaha zake, lakini walimhurumia, wakamjengea kibanda cha theluji na kumlisha. Círdan mjenzi wa merikebu akatuma chombo kumchukua. Mkuu wa Walossoth hakuwahi kuona kitu kama kile, akamsihi mfalme asikipande, achukue chakula kwa wale mabaharia kisha angoje mpaka kiangazi, kwa sababu wakati wa baridi nguvu za Mfalme Mchawi hufika mbali. Arvedui hakusikia. Alimshukuru, akampa pete ya Barahir, akasema thamani yake haina kifani kwa ukale wake tu, na kwamba wakipata shida ndugu zake wataikomboa. Usiku upepo ukageuka, barafu ikalibana jahazi, mfalme akazama mwaka 1975 pamoja na mawe mawili ya kuonea mbali. Pete ikakombolewa baadaye kama alivyosema.

Merikebu za Eärnur zilifika Arvedui akiwa amekwisha kufa. Jeshi lile likamshinda Mfalme Mchawi, kwa faida ya nchi iliyokuwa imebaki magofu. Na Eärnur mwenyewe, alipotawala, hakuoa. Mfalme Mchawi akamwita wapigane mtu kwa mtu, naye mwaka 2050 akapanda farasi akaenda Minas Morgul, ngome ya adui huyo, asionekane tena. Tangu Eärnil alipotawazwa mwaka 1945 ni miaka 105. Hayo ndiyo matunda ya hukumu ya Pelendur: Kaskazini ilikosa mfalme kwa kukosa jeshi, na Kusini ilikuwa na jeshi ikakosa mfalme.

Wakuu 16

Gondor ikawa mikononi mwa maliwali, 26 kwa hesabu, kuanzia Mardil mpaka Denethor wa Pili. Nawapa haki yao: waliapa kushika nchi kwa jina la mfalme mpaka arudi, na hakuna hata mmoja aliyekaa juu ya kiti cha enzi. Walikaa katika kiti cheusi chini ya ngazi zake.

Kaskazini, Aranarth bin Arvedui hakujiita mfalme, maana hakuwa na ufalme. Akajiita mkuu wa Wadúnedain, na amana za ukoo zikawekwa Rivendell kwa Elrond: pete ya Barahir, vipande vya Narsil, nyota ya Elendil na fimbo ya enzi ya Annúminas. Wakuu hao ni Aranarth, Arahael, Aranuir, Aravir, Aragorn wa Kwanza aliyeuawa na mbwamwitu, Araglas, Arahad, Aragost, Aravorn, Arahad wa Pili, Arassuil, Arathorn, Argonui, Arador aliyeuawa mwaka 2930, Arathorn wa Pili, na Aragorn wa Pili ambaye ni wa 16. Baba alimrithisha mwana bila kukatika hata mara moja. Waliishi nyikani wakiwalinda Mahobiti na wakulima ambao hawakujua wanalindwa, na walioitwa majina mabaya katika vilabu vya Bree walikuwa wana wa wafalme.

Maisha ya Aragorn

Aragorn alizaliwa tarehe 1 Machi 2931, mama yake Gilraen binti Dírhael. Dírhael aliikataa ndoa ile kwa kuwa binti yake alikuwa bado mdogo na aliona Arathorn hataishi sana. Ivorwen, mkewe, akasema basi ndiyo sababu ya kuharakisha, kwani watu hawa wawili wakioana tumaini litazaliwa. Wote wawili walisema kweli. Mwaka 2933 Arathorn alipigwa mshale wa maorki jichoni, na mtoto wa miaka miwili akachukuliwa na mama yake mpaka Rivendell. Elrond akamlea kama mwanawe, akamwita Estel, na nasaba yake ikafichwa kwa sababu Sauron alikuwa akimtafuta mrithi wa Isildur.

Alipotimiza miaka 20 Elrond akamwambia jina lake, akampa pete na vipande vya upanga. Fimbo ya enzi akaizuia mpaka aistahili. Kesho yake Aragorn akamkuta Arwen binti Elrond akitembea kati ya miti, akampenda. Elrond aliposikia akamwambia asijifunge na mwanamke yeyote mpaka wakati wake ufike na aonekane anastahili. 

Kwa jina la Thorongil alimtumikia Thengel, mfalme wa Rohan, kisha Ecthelion wa Pili, liwali wa Gondor. Mwaka 2980 aliingia Umbar usiku na merikebu chache, akachoma nyingi za maharamia, akamuua mkuu wa bandari yao gatini. Gondor ilikuwa tayari kumpa heshima yoyote. Hakurudi mjini kuipokea. Aliaga akaondoka, kwa kuwa wakati ulikuwa bado. Mwaka huo huo, juu ya Cerin Amroth katika Lórien, yeye na Arwen waliahidiana. Elrond aliposikia hayo akaweka sharti: hatamwoza binti yake kwa mtu aliye chini ya mfalme wa Gondor na Arnor pamoja. Wanaosema hakukitaka kiti watafakari sharti hilo, na miaka 39 aliyoifanyia kazi.

Katika filamu anaonekana akiukwepa upanga. Kitabuni alitembea na upanga uliovunjika mpaka Bree, akauweka mbele ya baraza la Elrond mwaka 3018, na wafua vyuma wa Waelfi wakauunga upya kabla hajatoka Rivendell. Alipokutana na Éomer wa Rohan alimtajia wazee wake bila kificho. Alipolishika jiwe la Orthanc, mojawapo ya mawe yale saba ya kuonea mbali, alijionyesha kwa Sauron kama mrithi wa Isildur na akaligeuza jiwe kwa nguvu zake, kwa kuwa lilikuwa mali yake.

Kisha njia ya wafu. Watu wa milimani walimwapia Isildur penye jiwe la Erech, wakavunja kiapo vita vilipokuja, naye akawalaani wasipate raha mpaka kiapo kitimizwe. Zaidi ya miaka 3,000 walingoja. Aragorn akaingia mlangoni mwao tarehe 8 Machi 3019, pamoja na wenzake Legolas na Gimli, wana wa Elrond na Wadúnedain 30 wa Halbarad, akawaita. Wafu hawamfuati mtu kwa ushujaa. Walimfuata kwa kuwa mwenye kuwadai alikuwa nyumba ya Isildur, na yeye ndiye nyumba hiyo. Kama mtu anataka shahidi wa nasaba yake asiyeweza kuhongwa, ni jeshi lile. Filamu imewafikisha mpaka Minas Tirith, mji wa Gondor ulioitwa zamani Minas Anor. Kitabu kinasema aliwaacha huru Pelargir, baada ya kuwafukuza maharamia, na merikebu zikajazwa watu hai wa pwani ya Gondor. Watu hao ndio alioshuka nao uwanda wa Pelennor tarehe 15 Machi, chini ya bendera aliyoitengeneza Arwen, na Halbarad aliyeibeba akafia chini yake.

Siku ile ile Denethor aliaga dunia kwa moto aliouwasha mwenyewe, na kabla ya hapo alisema kwamba hata dai la Aragorn likithibitishwa, yeye ni wa nyumba ya Isildur tu. Ni jibu la Pelendur lilelile, baada ya miaka zaidi ya elfu. Denethor alikuwa msomi wa maandiko ya kale kuliko watu wa mji wake, na alimsahau Fíriel. Aranarth alikuwa mwana wa Fíriel, na kila mkuu wa Kaskazini baada yake alibeba damu ya Ondoher, ya Meneldil na ya Anárion. Aragorn alikuwa wa nyumba zote mbili. Denethor hakuwa wa yoyote kati ya hizo.

Aragorn, mshindi, hakuingia mji wa Minas Tirith kama mfalme. Alipiga hema nje, akaingia usiku amejifunika nguo ya Lórien, akaenda kwenye nyumba za wagonjwa. Bi Ioreth, mwanamke mzee wa huko, alikuwa amesema kwamba mikono ya mfalme ni mikono ya kuponya, na kwa hilo mfalme wa haki angejulikana. Aragorn akaomba majani ya athelas, akayaponda na kuyatia katika maji ya moto, akamwita Faramir bin Denethor, akamwita Éowyn wa Rohan, akamwita Merry Mhobiti, nao wakaamka. Kabla ya kukucha mji mzima ulikuwa umekwisha kusema kwamba mfalme amerudi. Hakuna baraza lililoamua.

Pete ya Sauron iliharibiwa tarehe 25 Machi. Tarehe 1 Mei 3019, Aragorn akiwa na miaka 88, Faramir liwali alitoka nje ya lango, akatoa fimbo yake ya kazi, akarudishiwa, akawauliza watu kama wanamtaka huyu awe mfalme. Wote wakakubali kwa sauti moja. Taji la Eärnur likabebwa na Frodo Mhobiti na kuwekwa kichwani na Gandalf mchawi. Tarehe 25 Juni akaonyeshwa mlimani mche wa ule mti wa Isildur, akaupanda uani mahali pa mti uliokuwa umekauka. Siku chache baadaye, katikati ya kiangazi, Elrond akaleta fimbo ya enzi ya Annúminas na binti yake, wakaoana. Ndipo matawi mawili ya wana wa Eärendil yalipokutana tena, la Elros kwa Aragorn na la Elrond kwa Arwen.

Alitawala miaka 122 kwa jina la Elessar. Alimfanya Faramir mkuu wa Ithilien na kumwachia uliwali yeye na wazao wake. Aliamuru kwamba watu wakubwa wasiingie Shire, na sheria hiyo ilimfunga yeye mwenyewe. Aliifufua Arnor, akakaa Annúminas nyakati nyingine. Akafa tarehe 1 Machi mwaka wa 120 wa Enzi ya Nne, siku aliyoichagua mwenyewe, akiwa na miaka 210. Arwen alimfuata majira ya baridi yaliyofuata, juu ya Cerin Amroth.

Hukumu yangu ni hii. Aragorn alikuwa mrithi wa 39 wa Isildur katika mstari ulionyooka, na mzao wa Anárion kwa Fíriel, na hakuna mtu katika Gondor aliyekuwa na haki iliyomkaribia. Pelendur alikosea mwaka 1944, na Denethor alikosea baada yake. Aliyesoma nyongeza zile akaona vingine, alete hoja ya kumjibu Arvedui, kwa sababu Gondor ilishindwa. Baada ya Elessar alitawala mwanawe Eldarion, akapokea taji la Kusini na fimbo ya Kaskazini kwa pamoja, na hakuna aliyempinga.